Hewani na Kusadikika: Kejeli kama Ushahidi wa Miaka ya Mwanzo ya Televisheni ya Moja kwa Moja

1. Utangulizi

Katika mwaka 1951 yalitokea mambo mawili ambayo hayakuwa na uhusiano wowote. Tarehe 4 Septemba, mtandao mpya wa nyaya na minara uliounganisha pwani mbili za Marekani ulirusha hotuba ya Rais Harry Truman kutoka San Francisco, na watazamaji wa New York, umbali wa kilomita zaidi ya elfu nne, wakamwona na kumsikia katika dakika ile ile aliyokuwa akisema. Mwaka huo huo Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo hewani, ambamo wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo ya kuwafaa wenzao waliishia gerezani baada ya kurudi. Walioweka nyaya hawakumjua mwandishi huyo wa Tanga, wala yeye hakuandika kwa ajili yao. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili anayeichunguza historia ya televisheni hukuta kwamba maneno mawili anayoyahitaji yamekwisha kuwekwa pamoja: hewani, na kusadikika. Kilichoko hewani husadikika kwa sababu gani? Na anayekitilia shaka hupata malipo gani?

Makala haya yanahusu kipindi kifupi, kati ya mwaka 1947 na 1960 hivi, ambapo sehemu kubwa ya vipindi vikuu vya televisheni ya Marekani ilirushwa moja kwa moja, yaani mtazamaji aliona tendo likitendeka papo kwa papo. Hasa yanachunguza kazi za kejeli zilizotungwa kuhusu kipindi hicho: riwaya, filamu na tamthilia zilizotoka mikononi mwa watu ambao wengi wao walikuwa ndani ya studio zile. Swali linaloulizwa ni la mbinu ya kihistoria: je, kejeli inaweza kupokewa kuwa ushahidi? Jibu linalotetewa hapa lina pande mbili. Waandishi wa kejeli waliuona ugonjwa wa chombo hicho mapema kuliko wachunguzi wa serikali. Lakini walikosea kuhusu dawa yake, kwa kuwa waliamini kwamba chombo chenyewe, kikiwa hewani bila kizuizi, kingemuumbua mwongo.

2. Sanaa iliyokufa kila usiku

Ni lazima kwanza kueleza jinsi kazi ile ilivyofanyika, kwa maana kejeli zote zilizofuata zimesimama juu ya mazingira hayo. Tarehe 7 Mei 1947 shirika la NBC lilianza kurusha Kraft Television Theatre, mfululizo wa michezo ya kuigiza uliokuja kila wiki. Baada yake ilifuata mingine, kama Studio One ya CBS na Philco Television Playhouse ya NBC. Mchezo wa saa nzima uliigizwa mara moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya kamera mbili au tatu zilizoburuta nyaya sakafuni. Mwigizaji aliyemaliza onyesho la jikoni alikimbia nyuma ya mapazia ya mbao akibadili koti, ili aonekane ofisini baada ya sekunde chache. Aliyesahau maneno hakuwa na nafasi ya kurudia. Mlango uliokwama ulikwama mbele ya mamilioni.

Hali hiyo haikuchaguliwa kwa mapenzi ya sanaa peke yake. Utepe wa kuhifadhia picha ulikuwa bado haujapatikana. Mtambo wa kwanza uliofaa kwa kazi hiyo ulionyeshwa na kampuni ya Ampex mjini Chicago mwezi Aprili 1956, na CBS ikautumia hewani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Novemba mwaka huo. Kabla ya hapo njia ya kuhifadhi ilikuwa moja: kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kupiga picha ya picha. Nakala hizo, zilizoitwa kineskopu, zilikuwa na ukungu na rangi ya majivu. Zilipelekwa kwa vituo ambavyo nyaya hazijavifikia, na baada ya kutumika nyingi ziliharibiwa au kutupwa.

Mifano miwili inatosha kuonyesha matokeo yake. Mchezo wa Rod Serling uitwao Patterns, kuhusu ukatili ndani ya ofisi za kampuni kubwa, ulirushwa tarehe 12 Januari 1955 na kusifiwa mno, hata watu waliokuwa hawakuuona wakataka kuuona. Ili warushiwe tena, waigizaji walirudi studio tarehe 9 Februari na kuuigiza upya wote. Mchezo wa Reginald Rose, Twelve Angry Men, ulirushwa tarehe 20 Septemba 1954 na baadaye ukawa filamu inayojulikana duniani kote; lakini nakala kamili ya matangazo yale ya kwanza haikupatikana hadi mwaka 2003. Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Televisheni ya moja kwa moja ilikuwa mali ya namna hiyo.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatashangazwa na jambo hili. Wanajua kwamba utendaji wa fanani huisha pamoja na pumzi yake, na kwamba anachokiandika mtafiti ni kivuli tu. Tofauti ni kwamba fanani huziona nyuso za hadhira yake, nayo humjibu. Mwigizaji wa studio alisema na lenzi. Kati yake na hadhira alisimama mtu wa tatu, ambaye habari zake ndizo zinazofuata.

3. Mwenye kisu kikali

Mtu huyo wa tatu alikuwa mdhamini. Katika miaka hiyo kampuni haikununua dakika chache tu za matangazo ya biashara kama ilivyozoeleka baadaye. Mara nyingi ilikidhamini kipindi kizima, ikakipa jina lake, na shirika lake la matangazo likasoma kila ukurasa wa muswada. Thamani ya nafasi hiyo ilikuwa ikipanda upesi: mwaka 1950 kaya zilizokuwa na televisheni nchini Marekani zilikuwa kama asilimia 9, na kufikia mwaka 1960 zilikuwa asilimia 87 hivi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu kilikuwa mkononi mwa wauza jibini, sabuni, sigara na dawa za kutia nguvu.

Serling alikutana na kisu hicho mapema. Mwezi Agosti 1955 Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, aliuawa huko Mississippi, na watu wawili weupe walioshtakiwa wakaachiliwa na baraza la wazee wa mahakama. Serling alitunga mchezo uliochochewa na kisa hicho. Ulipofika hewani tarehe 25 Aprili 1956, kwa jina la Noon on Doomsday, aliyeuawa hakuwa tena kijana mweusi, na mahali pa tukio pamehamishiwa kaskazini, mbali kabisa na majimbo ya Kusini. Wadhamini waliogopa kususiwa na wateja wa Kusini. Mwandishi aliyetaka kusema juu ya mji mmoja alilazimishwa kusema juu ya mji usiokuwepo.

Mwaka 1959 jambo lenyewe lilipita kejeli. Katika mfululizo wa Playhouse 90 wa CBS, tarehe 16 Aprili, ulirushwa mchezo wa Judgment at Nuremberg, kuhusu kuhukumiwa kwa majaji waliolitumikia dola la Wanazi. Mmoja wa wadhamini alikuwa chama cha makampuni ya gesi ya Marekani. Mashahidi katika mchezo walipotaja vyumba vya gesi ambamo watu waliangamizwa, sauti ilikatwa kwenye neno gesi. Midomo ya waigizaji ilionekana ikitembea, neno halikusikika. Hakuna mtunzi wa kejeli ambaye angethubutu kubuni kisa hicho bila kuambiwa kwamba ametia chumvi kupita kiasi.

Woga wa pili ulitoka katika siasa. Mwezi Juni 1950 kilichapishwa kijitabu kiitwacho Red Channels, kilichoorodhesha majina ya watu 151 wa redio, televisheni na sanaa waliodaiwa kuwa na uhusiano na Wakomunisti au wenzao. Muda mfupi baadaye mwigizaji Jean Muir aliondolewa katika kipindi cha The Aldrich Family kabla hajaonekana hata mara moja. Philip Loeb, aliyependwa na watu wengi katika The Goldbergs, aliondolewa pia. Mwaka 1955 alijiua. Hapakuwa na hukumu ya mahakama wala amri ya serikali. Majina yalifutwa kimya kimya, na mtazamaji aliyekuwa akidhani anaona kila kitu papo kwa papo hakuona kufutwa huko.

4. Kipaza sauti kilichoachwa wazi

Kejeli ya kwanza kuhusu hali hii ilitungwa wakati mambo yenyewe yakiendelea, nayo ilimlenga zaidi nyota wa utangazaji, yaani mtu anayependwa na mamilioni kwa sababu anaonekana hana ufundi wala unafiki. Mfano ulikuwa mbele ya macho ya wote. Arthur Godfrey alizungumza hewani kama jirani aliyeketi barazani. Tarehe 19 Oktoba 1953, katika sehemu ya redio ya kipindi chake cha asubuhi, alimsifu mwimbaji wake kijana Julius La Rosa, akamwacha aimbe, kisha akawatangazia wasikilizaji kwamba huo ndio ulikuwa wimbo wake wa mwisho katika kipindi hicho. Kijana alifukuzwa kazi hadharani. Baadaye Godfrey alieleza kwamba La Rosa alipungukiwa na unyenyekevu, na neno hilo likawa mzaha wa nchi nzima.

Mwaka 1955 Al Morgan, mtu wa ndani ya kazi hiyo ya utangazaji, alitoa riwaya iitwayo The Great Man. Nyota mpendwa wa utangazaji amefariki katika ajali ya gari. Mtangazaji mwingine anapewa kazi ya kuandaa kipindi cha kumbukumbu yake, na kadiri anavyowahoji waliomjua marehemu ndivyo anavyogundua kwamba mtu mkubwa huyo alikuwa mtu mdogo sana. Muundo wa riwaya ni wa kihistoria kwa maana halisi: mhusika mkuu anakusanya ushahidi wa mdomo, anaulinganisha, na mwishowe anakabiliwa na uamuzi wa mwanahistoria yeyote, yaani aseme alichokigundua au aseme kile ambacho hadhira imekwisha kukiamini. Wasomaji wengi walidhani wamemwona Godfrey nyuma ya marehemu huyo.

Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1957, ilitoka filamu ya A Face in the Crowd, iliyoongozwa na Elia Kazan. Muswada uliandikwa na Budd Schulberg kutokana na hadithi yake fupi iliyokuwa katika kitabu cha mwaka 1953. Mzururaji mmoja anayeitwa Lonesome Rhodes anatolewa katika jela ya mji mdogo wa Arkansas, anapewa kipaza sauti cha redio, na kwa gitaa lake na maneno yake ya kienyeji anapanda hadi New York. Huko anauza vidonge visivyo na faida kwa jina la nguvu na uhai, kisha anaanza kumfundisha mwanasiasa namna ya kuuzwa vivyo hivyo. Mwisho wake unajulikana. Wakati majina ya watengenezaji wa kipindi yanapopita kwenye kioo na Rhodes akidhani kwamba sauti imefungwa, anawatukana watazamaji wake huku akitabasamu. Mwanamke aliyemwinua anaifungua sauti. Nchi nzima inamsikia, na kabla lifti haijamfikisha chini ya jengo amekwisha kuanguka.

Filamu hii ina kovu lake yenyewe. Kazan na Schulberg wote wawili walikuwa wamefika mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi na kutaja majina ya wenzao waliowahi kuwa Wakomunisti, Schulberg mwaka 1951 na Kazan mwaka 1952. Kwa hiyo kejeli kali kuliko zote kuhusu udanganyifu wa hadhira iliandikwa na watu waliosaidia, kwa namna yao, kazi ya kufuta majina. Jambo hili haliibatilishi filamu. Linamkumbusha msomaji kwamba shahidi wa kejeli huapa kiapo chake akiwa na mambo yake moyoni, sawa na shahidi mwingine yeyote.

Imani iliyomo katika mwisho wa filamu ndiyo inayohitaji kupimwa: kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba hewani ni fupi zaidi. Kilichotokea wakati ule ule katika studio za NBC kinatoa kipimo hicho.

5. Swali ambalo jibu lake lilijulikana

Tarehe 24 Mei 1953 NBC ilirusha mchezo wa Paddy Chayefsky uitwao Marty, kuhusu mchinjaji wa Bronx aliyekata tamaa ya kuoa. Hakukuwa na mauaji wala mapenzi ya kifahari ndani yake, bali watu wa kawaida wakisema maneno ya kawaida, na kamera ikiwatazama kwa karibu. Wengi waliona kwamba hii ndiyo sanaa hasa ya televisheni ya moja kwa moja. Mwaka 1955 mchezo huo ulitengenezwa kuwa filamu, na filamu ikapata Oscar ya filamu bora ya mwaka.

Tarehe 5 Desemba 1956, katika shindano la maswali liitwalo Twenty One, Herbert Stempel aliulizwa ni filamu gani iliyopata tuzo hiyo kwa mwaka 1955. Alikuwa ndani ya kibanda cha kioo kisichopitisha sauti, akifuta jasho na kuuma midomo. Akataja On the Waterfront. Jibu sahihi, kama ilivyoelezwa, lilikuwa Marty, na Stempel alilijua vizuri sana, kwa kuwa filamu hiyo aliipenda. Alikuwa ameagizwa na mtayarishaji wa kipindi akose. Tangu mwanzo aliagizwa pia namna ya kunyoa nywele, suti mbaya ya kuvaa, na namna ya kusitasita kabla ya kujibu. Jasho lenyewe lilikuwa limepangwa, maana hewa baridi ya kibandani ilizimwa makusudi. Mdhamini alikuwa mtengenezaji wa Geritol, dawa ya kutia nguvu. Vidonge vya Lonesome Rhodes havikuwa mbali na duka la dawa la kweli.

Aliyepangiwa kumshinda alikuwa Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa ukoo wa waandishi na maprofesa. Katika jumuiya ya chuo kikuu kisa chake kina uchungu wa pekee. Van Doren hakuwa mjinga aliyejifanya msomi. Alikuwa msomi wa kweli aliyekubali kujifanya anakumbuka kile alichokwisha kupewa. Aliambiwa kwamba ushindi wake ungeiletea elimu heshima mbele ya taifa, na kwa miezi michache ilionekana kuwa hivyo: aliwekwa katika kurasa za mbele za magazeti, akapewa kazi NBC, na alipotolewa mwezi Machi 1957 alikuwa amejikusanyia dola 129,000. Elimu ilipata heshima ambayo haikuwa yake. Ilipodhihirika, ilibidi ilipe deni lisilokuwa lake pia. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi kwamba alipewa maswali na majibu. Nafasi yake Columbia ikaisha.

Jambo la kuzingatia ni jinsi ukweli ulivyopatikana. Kamera za moja kwa moja zilimtazama Van Doren wiki baada ya wiki na hazikumuumbua. Kinyume chake, upapo kwa papo ndio uliomfanya asadikike: nani angeshuku jasho linaloonekana likitoka? Stempel aliposema kwamba shindano lilikuwa la uongo, mwanzoni alionekana kuwa mtu mwenye wivu. Frank Hogan, mwendesha mashtaka wa New York, alikadiria baadaye kwamba kati ya mashahidi 150 hivi waliofika mbele ya baraza la uchunguzi, labda 50 tu walisema kweli. Ushahidi ambao haukuweza kukanushwa ulitoka katika posta. Mshindani mwingine, msanii James Snodgrass, alikuwa ameyaandika maswali na majibu aliyopewa mwaka 1957 kabla ya kipindi kurushwa, akajiandikia mwenyewe barua za rejista, na kuziacha bila kuzifungua. Zilipofunguliwa mbele ya wachunguzi, muhuri wa posta ulionyesha tarehe iliyotangulia kipindi. Karatasi katika bahasha ilishinda picha iliyoonekana na mamilioni. Mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kukataza udanganyifu wa namna hiyo, kwa sababu hadi wakati huo haukuwa kosa la jinai.

Je, inafaa basi kusema kwamba televisheni ya moja kwa moja haikumuumbua mtu yeyote? Hapana. Kuanzia Aprili hadi Juni 1954 mashauri kati ya jeshi la Marekani na Seneta Joseph McCarthy yalirushwa moja kwa moja, siku nzima nzima. Watazamaji walimwona seneta akikatiza wenzake, akitisha, akitaja majina. Tarehe 9 Juni wakili Joseph Welch alimwuliza hadharani kama hakubakiwa na adabu hata kidogo, na watu waliokuwemo ukumbini wakapiga makofi. Mwezi Desemba Baraza la Seneti lilimlaumu rasmi. Lakini yafaa kutazama ni nani aliyeyarusha mashauri hayo kwa ukamilifu: ABC na DuMont, mashirika madogo ambayo hayakuwa na vipindi vya mchana vyenye faida ya kupoteza. NBC iliacha baada ya siku chache, na CBS, yenye wadhamini wa mchana, haikuyarusha moja kwa moja. Papo kwa papo iliumbua pale ambapo saa haikuwa imenunuliwa na mtu. Iliponunuliwa, iliificha siri kuliko pazia.

6. Kejeli ya kukumbuka

Miaka ishirini baadaye kejeli ilirudi kwenye studio hizo kwa namna ya pili, namna ya kukumbuka, na hapo ndipo panapofaa kusema juu ya kejeli ya kihistoria kwa maana kamili. Kazi mbili zinatosha kuonyesha njia zake mbili.

Ya kwanza ni filamu ya The Front, ya mwaka 1976. Mweka fedha wa mkahawa, mtu asiyejua kuandika chochote, anakubali kuweka jina lake juu ya miswada ya televisheni iliyoandikwa na rafiki yake aliyefutwa, kisha na wengine, kwa malipo ya sehemu ya mia. Anasifiwa kwa kipaji asichokuwa nacho. Kicheko kinatokana na mtu mtupu anayetukuzwa. Maumivu yanatokana na mchekeshaji aliyefutwa ambaye mwishowe anajitupa dirishani. Mwandishi wa filamu Walter Bernstein, mwongozaji Martin Ritt na mwigizaji Zero Mostel, rafiki wa Philip Loeb, wote walikuwa wamefutwa katika miaka ile. Majina yao yanapopita mwishoni, chini ya kila jina imeandikwa tarehe ya kufutwa. Hapo kejeli inatia sahihi yake na kuwa hati.

Ya pili ni My Favorite Year, ya mwaka 1982, iliyowekwa katika mwaka 1954. Nyota mzee wa filamu za upanga, mlevi, amealikwa katika kipindi cha vichekesho, na anashikwa na hofu kuu anapogundua kwamba hakuna kurudia, kwamba watu watamwona papo kwa papo. Mwishoni wahuni wanavamia jukwaa na kupigana na mwenye kipindi, naye nyota anaruka kumwokoa. Hadhira inashangilia, ikidhani kwamba pigano ni sehemu ya mchezo. Katika Twenty One hadhira iliuona mchezo ikadhani ni kweli; hapa inaona kweli ikadhani ni mchezo. Filamu inacheka kwa upole, na upole huo ndio udhaifu wake kama ushahidi, kwani hofu ya mwaka 1954 imebakia ile ya mwigizaji mbele ya lenzi peke yake. Mtu anayeitazama bila kuijua historia angedhani kwamba hatari kubwa katika studio za wakati ule ilikuwa kusahau maneno.

Tofauti ya kazi hizi mbili inampa mtunzi wa riwaya ya kejeli ya kihistoria, awe wa lugha yoyote, somo moja. Milango inayokwama na waigizaji wanaokimbia wakivaa suruali ni chumvi ya hadithi, na ni halali kuitumia. Lakini chumvi si mlo. Kejeli inayocheka ajali bila kumtaja mwenye saa humwacha msomaji akiyapenda mambo ya kale badala ya kuyaelewa.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba kejeli haifai kutumiwa kama daftari la tarehe. Inachanganya watu, inahamisha matukio, na wakati mwingine inaficha kosa la mtunzi wake. Kinachopatikana ndani yake ni kitu ambacho kineskopu haikuweza kukihifadhi hata ziliponusurika: yale ambayo kila mtu studio aliyajua na hakuna aliyeruhusiwa kuyasema. Morgan na Schulberg walieleza mwaka 1955 na 1957 kwamba ukweli wa usoni unaweza kutengenezwa na kuuzwa. Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliandikishiwa jambo hilo mwaka 1959. Serling aliyezuiwa kumtaja Till alianza tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo mfululizo wake wa The Twilight Zone, ambamo alisema kwa mafumbo, kupitia sayari na nchi zisizokuwepo, yale aliyokatazwa kusema kuhusu Mississippi. Wasomaji wa Shaaban Robert wanaijua njia hiyo.

Walipokosea ni katika kuamini kwamba kipaza sauti kilichoachwa wazi kinatosha. Historia ilionyesha kwamba hewani hakuna ukweli wa bure; kuna saa, na kila saa ina mwenyewe. Hata mjini Kinshasa, katika Zaire ya wakati ule, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni yapata saa kumi za alfajiri, ili pigano lao lionekane moja kwa moja Marekani saa za usiku, wakati wa kulipia tikiti. Waliojaza uwanja walikesha kwa ajili ya saa ya watu wengine. Walichokiona kilikuwa kweli tupu, ngumi kwa ngumi, hadi raundi ya nane. Lakini walikiona alfajiri. Mtafiti wa televisheni anayetaka kuanza kazi yake vizuri ataanza na swali hilo dogo: kwa nini alfajiri?